Kiti cha Nje ya Mlango

2 Februari

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima. Wewe sikuulizi hali, kwa sababu utanijibu kwamba u mzima.

Simu yako nimeacha kuipiga makusudi. Kwenye simu wewe ni msanii. Unaweza kuongea vizuri kama mtangazaji wa redio huku chupa umeibana kati ya magoti. Kuanzia leo utaniandikia, kwa kalamu, kwa mkono wako huo wa kinyozi. Unajua kazi yangu. Nafundisha darasa la kwanza, na nikiangalia mwandiko wa mtoto najua kama amelala vizuri, kama ameamka na njaa, kama nyumbani kwao walikuwa wanagombana. Sauti yako imenidanganya miaka. Mkono hautanidanganya.

Sasa sikiliza. Chiriku wako anakula, anasoma, na mdomo wake haupumziki, jina tulilompa linamfaa. Yuko kwangu tangu siku ile uliyomsahau shuleni mpaka mlinzi akamgawia chai yake. Mama yake angekuwa hai tusingeandikiana haya, lakini hayupo, tuko wewe na mimi. Shule zinafungwa katikati ya Aprili. Mwalimu mkuu ameniuliza kama mtoto namwandikisha hapa moja kwa moja, au anarudi kwa baba yake. Nimeomba anipe muda. Muda huo ni wako, sio wangu.

Kuna mwenzangu hapa shuleni, simtaji hata somo analofundisha, amenielekeza jambo. Huko kwenu wapo watu wenye shida kama yako wanaokutana kila Jumatano jioni kusaidiana kuacha pombe. Ni jengo la maktaba, unazunguka nyuma, kuna mlango wa kijani. Hawaweki kibao kwa sababu watu wanaona haya. Nenda. Ukitoka, niandikie.

Dada yako

*

9 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, maana ile ya kwanza ilinikalisha.

Kazi ipo. Wateja wapo, mashine inakata, wembe unateleza. Sijamkata mtu tangu yule mzee mwenye shingo ya mikunjo, na yule alipiga chafya mwenyewe.

Jumatano nilikwenda. Usianze kushangilia. Nilisahau kuzunguka nyuma, nikaingia kwa mbele, mama mmoja anayegawa vitabu akaniuliza natafuta nini. Watu wanasoma, kimya, halafu mimi niseme natafuta walevi? Nikasema natafuta vitabu vya ufugaji wa kuku. Akanipa viwili. Nikaona aibu kuvirudisha, nikakaa nikavisoma mpaka wanafunga. Sasa hivi magonjwa yote ya kuku nayajua. La kwangu sikuuliza.

Nitarudi, nakuapia. Naogopa kuonana na mtu ninayemnyoa. Mteja akishajua habari zako, kesho hakupi shingo yake.

Halafu, unamchanaje Chiriku? Nyuma ya sikio la kushoto nywele zake zinaota kwa kuzunguka. Ukivuta kwenda chini unamuumiza. Anza kwenye ncha, shika shina kwa vidole, ndipo uchane. Mama yake hakuwahi kuliweza sikio lile. Nililiweza mimi.

Haya, mwalimu wa miandiko, nipime.

Mdogo wako

*

15 Februari

Mdogo wangu,

Nimekupima na umefaulu. Nakwambia kweli, nilipofungua bahasha nilianza kwa kuangalia tu, bila kusoma. Herufi zimesimama wima, mistari imekaa sawa, hakuna hata moja inayoteleza. Nilikaa chini nikashusha pumzi. Chiriku nilimpa aone, akasema baba anaandika kama kitabu. Ameiweka chini ya mto wake, na mimi nimejifanya sijui.

Lakini hayo ya kuku, mdogo wangu, jamani. Nimecheka mpaka nikakasirika. Mtu mzima na ndevu zake anajificha nyuma ya jogoo. Zunguka nyuma, nimekwambia. Mlango wa kijani.

La sikio umenisaidia. Nilikuwa namliza kila Jumapili na kumwambia anadeka.

Jumatano zikifika naangalia saa kana kwamba naenda mimi. Nikiwa darasani nafundisha herufi, akili yangu iko nyuma ya maktaba nisiyowahi kuiona. Mwalimu mkuu ameniuliza tena leo. Nimemzungusha.

Dada yako

*

23 Februari

Dada,

Nimezunguka nyuma. Mlango wa kijani nimeuona. Naomba usiniambie tena habari za watu wale.

Nieleze vizuri ili usiseme natunga. Nilifika mapema. Mlango umefungwa, ndani kuna watu, nasikia viti vinaburutwa na mtu anacheka. Nje ya mlango kuna kiti kimoja cha mbao, kitupu. Kwangu saluni, na kwa kinyozi yeyote wa mtaa wetu, kiti kikitolewa nje maana yake ndani pamejaa, kaa hapo ngoja uitwe. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Nikakaa. Nikaweka mikono magotini kama mteja mstaarabu.

Hawakuniita. Nimekaa pale namsikia mtu anaongea, anasita, anaongea tena. Mara kimya. Mara wanacheka wote. Shati lilikuwa limenishika mgongoni kwa jasho. Kila mlango ulipolia nilinyanyuka kidogo, nikakaa. Mwishoni wakatoka, wengine wakanitikisia kichwa, mmoja namnyoa kila mwezi, akanitazama kama hanijui. Akatoka mama mmoja mnene mwenye rundo la funguo kiunoni. Akaniambia, "Karibu tena," akakichukua kiti nilichokuwa nimekikalia, akaingia nacho, akafunga.

Yaani hata walevi wamenikataa. Nimenyolewa bila maji, dada. Nilipotoka pale nilipitia mahali, sitakuficha.

Lakini kazi naifanya vizuri, mwandiko unauona. Mlete mtoto likizo. Nitajimudu mwenyewe.

Mdogo wako

*

1 Machi

Kwa Mama mwenye funguo za chumba cha nyuma, maktaba,

Shikamoo. Hunijui, nami sikujui, jina lako sikupewa. Mimi ni mwalimu, niko mbali na huko. Mdogo wangu wa kiume, kinyozi, alikuja kwenu Jumatano akakaa nje ya mlango wenu kikao kizima akingoja aitwe. Mlimwona. Mlimpita. Wewe mwenyewe ulimwambia karibu tena, ukamnyang'anya kiti.

Mama, nimetumia nguvu nyingi kumfikisha kwenye kile kiti. Ana mtoto wa miaka saba ambaye yuko kwangu, na kama baba yake haachi pombe mtoto harudi. Sitaki kukukosea adabu, lakini nataka kujua mtu afanye nini ndipo mumwone anafaa kuingia kwenu.

Mwalimu wa darasa la kwanza

*

7 Machi

Mwalimu,

Marahaba. Barua yako imenifikia maktaba, na sijakasirika. Ningekuwa wewe ningeandika kali zaidi.

Habari za nani alikuja na nani hakuja sitakupa, wala leo wala siku nyingine. Huyo unayemtaja naweza kuwa nimemwona na naweza kuwa sijamwona. Mlango ule ungekuwa unatoa habari, watu wasingeuingia.

Lakini habari za kiti si siri. Kiti tunakitoa nje kila Jumatano ili anayefika ajue kwamba ndani kuna nafasi yake. Hatumwiti mtu. Wengi wetu tumeitwa sana, tumeburutwa na wake, waume, mama zetu na dada zetu, na haikusaidia. Ukifika, unakibeba kiti mwenyewe, unaingia nacho, unakaa. Ukikikuta kitupu ni chako. Tumezoea sana hata hatukufikiri kwamba kuna mtu anaweza kukikalia palepale nje akidhani ni foleni. Hilo ni kosa letu na nimelisema kikaoni.

Kama yupo mtu wa namna hiyo, mwambie hakukataliwa. Tulidhani anapumzika, na hatumharakishi mtu.

Jambo moja zaidi, limeze vizuri. Mtu anayekunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Aje kwetu, tumpeleke kwa daktari kwanza.

Mwenye funguo

*

10 Machi

Mdogo wangu,

Kiti kile si cha kungojea. Ni chako. Unakibeba, unaingia nacho ndani. Kwao ndiyo maana yake, nimeandikiwa na mama wa funguo mwenyewe. Na usiache pombe peke yako bila wao kukupeleka kwa daktari, amesisitiza hilo.

Hujakataliwa. Kiburi chako kisikusaidie kukimbia. Shule zinakaribia kufungwa na mimi nimeishiwa maneno ya kumwambia mwalimu mkuu. Chiriku ameanza kufunga vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, anafunga, anafungua. Beba kiti.

Dada yako

*

20 Machi

Dada,

Samahani kwa karatasi. Mbili nimezichana.

Nimekibeba. Nimeingia nacho.

Siwezi kuandika mengi. Saluni nimefunga kwa sasa, wembe sishiki. Usije. Na mtoto usimlete bado, asinione. Nitakueleza.

Mdogo wako

*

26 Machi

Mdogo wangu,

Umeona ulichonitumia? Maana mimi nimekiona. Herufi zinapanda ukuta. Neno "asinione" limeanzia kwenye mstari likaishia kwenye mstari mwingine, na wino umetoboa karatasi. Wanangu wa darasa la kwanza wiki ya kwanza wanaandika vizuri kuliko hivyo. Chiriku alikuwa ananing'inia begani anataka kuona mwandiko wa baba. Nimemwambia barua imelowa mvua.

Umekibeba kiti. Haya, labda umekibeba, umekaa, umetoka, umeenda kujipongeza. Saluni umefunga. Mtoto asikuone. Mimi nikusomeje hapo? Kwa zile barua za mwanzo nilikuwa nalala usingizi. Nilijua angalau unajitahidi. Sasa umefika chini kabisa, na umefika huko baada ya mimi kukusukuma kwenye mlango ule.

Kesho naenda kwa mwalimu mkuu. Namwandikisha Chiriku hapa. Sikuadhibu, mdogo wangu, nimechoka kuwa na roho juu. Mtoto hawezi kuishi na mfuko wake mlangoni.

Dada yako

*

26 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba unijibu neno moja tu, ndiyo au hapana. Mdogo wangu anakuja kwenu au ananidanganya? Barua yake ya mwisho imeandikwa na mkono wa mtu aliyelewa chakari, na mimi mwandiko naujua. Nimeamua jambo zito kwa sababu ya mkono huo. Neno moja.

Mwalimu

*

31 Machi

Dada,

Mwandikishe.

Barua yako nimeipata, na nimeisoma nikiwa na akili zangu. Una haki. Nikikueleza kwa nini mkono wangu uko hivi utasema ni kisingizio kingine, na visingizio vyangu unavijua kwa majina. Basi sielezi.

Niko kwa kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Sinyoi. Nafagia nywele, nafua vitambaa, nawapaka poda wateja shingoni, na hata poda inamwagika. Watu wanauliza, mbona wewe fundi unafagia? Nawaambia naumwa. Si uongo.

Jumatano naendelea kwenda. Zamani nilikwenda ili nipate cha kukuandikia. Sasa hata usiponijibu nitakwenda. Yule mteja wangu aliyejifanya hanijui hukaa karibu nami. Aliniambia alinipita siku ile kwa sababu alidhani mimi ndiye nisiyetaka kujulikana.

Naogopa, dada. Naogopa asubuhi kuliko kitu chochote, maana asubuhi ndipo mkono unaiomba pombe. Chiriku usimwambie kitu. Mchane vizuri tu. Anza kwenye ncha.

Mdogo wako

*

3 Aprili

Mwalimu,

Marahaba. Umeniomba ndiyo au hapana. Sikupi. Hata kama mdogo wako angekuwa amekaa mbele yangu sasa hivi anakunywa maji, nisingekwambia.

Lakini kabla ya kushika funguo hizi nilikuwa nesi, mpaka nikastaafu, na kabla sijawa nesi mzuri nilikuwa mlevi mzuri. Kwa hiyo kuna kitu nakijua pande zote mbili, na si siri ya mtu.

Mtu anayekunywa kila siku huamka mkono unatetemeka. Akizimua, akipata kile cha asubuhi, mkono unatulia. Atanyoa, atatunga uzi kwenye sindano, ataandika barua nzuri ya kumfurahisha mwalimu. Nilichoma watu sindano miaka mingi kwa mkono wa namna hiyo na nikasifiwa. Siku anayoacha ndipo mkono unapomkimbia. Unatetemeka, jasho linamtoka, usingizi haupo, kijiko cha uji kinamshinda. Daktari anampa dawa na kumwangalia, na hata hivyo kutulia kunachukua muda, kwa wengine wiki, kwa wengine zaidi. Hapendi kuonekana na watoto wake wakati huo.

Sikuelezi habari za mtu yeyote, mwalimu. Nakueleza habari za mikono. Kama una barua zozote hapo nyumbani, zipange upya uzisome.

Mwenye funguo

*

8 Aprili

Mdogo wangu,

Nimezipanga mezani barua zako zote. Ile ya kuku, iliyonyooka, niliyompa mtoto akalale nayo, uliiandika umezimua. Nikakupa maksi. Ile ya kiti, hivyohivyo. Na ile uliyochana karatasi mbili ili upate moja, uliyoiandika ukiwa mkavu, unatetemeka, umetoka kwa daktari, hiyo ndiyo iliyonifanya nikufungie mlango. Miaka yote nafundisha kuandika na sikujua kuusoma mkono wa ndugu yangu. Nisamehe.

Na kuna jambo nalisema sasa, nikingoja sitalisema. Nilipomwandikisha Chiriku nilitoka ofisini kwa mwalimu mkuu nikiwa nalia, na ndani ya kilio kulikuwa na furaha. Kabla yake, ndani ya nyumba hii nilikuwa naongea na redio. Nimeogopa usipone, mdogo wangu, na nimeogopa upone. Zote mbili zilikuwa zinanikosesha usingizi, ila moja nilikuwa sikuandikii.

Nimerudi kwa mwalimu mkuu. Nimemwambia alifute jina. Ameniuliza kama nina uhakika, nikamwambia sina, afute tu. Shule zikifungwa tunakuja wote wawili. Nitakaa nanyi likizo nzima, tutaangalia siku moja moja, na ikishindikana tutajua la kufanya. Zaidi ya hapo sikuahidi, na wewe usiniahidi.

Chiriku ameomba aione barua iliyolowa mvua. Nimempa. Ameitazama sana, akasema, "Shangazi, hapa baba alikuwa anajifunza."

Mwandiko wangu leo ukiuona umepinda, usinipime.

Dada yako

*

13 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisomea kwenye mlango wa saluni yangu. Nimeufungua leo, kuingiza hewa tu. Nimefuta vumbi kioo. Wembe bado, mashine bado. Mkono umepungua kutetemeka lakini haujarudi, unaona mwenyewe, mstari wa kwanza ulikwenda vizuri halafu huu umeanza kucheza.

Hilo la kuogopa nipone nimelisoma, nikalirudia. Sina kinyongo. Ungekuwa humpendi nisingemwacha kwako. Mimi naogopa mpaka sili. Naogopa atashuka na mfuko wake wa plastiki, atautazama mkono, atanyamaza. Yeye kunyamaza sijazoea. Kikaoni wamenishauri nisiufiche mkono mfukoni. Akiuliza nimjibu kweli.

Kuchana nitaweza. Nimejaribu kwa kichwa changu mwenyewe. Kitana hakikati mtu, na kwenye lile sikio lazima uende polepole hata mkono ukiwa mzima.

Siku mkija nitaweka kiti nje ya mlango. Watu wa mtaa watakiona watadhani ndani pamejaa. Nyinyi msikae pale kungoja niwaite. Chiriku akibebe, mwingie nacho.

Mdogo wako